Uzoefu wangu wa tiba kazi nikiwa na VVU: nyota nne kati ya tano

Kilichonifanya nihitaji tiba kazi ni kifuniko cha chupa ya ARV. Virusi vyenyewe havinisumbui, vimefubazwa miaka mingi. Kila kipimo kinarudi havionekani, kliniki wananipongeza, nachukua dawa, naondoka. Ila chupa zenyewe zina kile kifuniko cha kubonyeza huku unazungusha, kilichotengenezwa ili watoto wasiweze kufungua. Kwangu ikawa kinyume: bibi hawezi, mjukuu wa miaka 9 ndiye anayenifungulia kila usiku, akidhani ni vitamini.

Ganzi ilianzia miguuni. Mimi ni wa enzi za stavudini, ile ARV ya zamani. Waliomeza dawa ile wanaijua: ilitutoa kaburini, lakini ikatuharibia mishipa ya fahamu, mpaka mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iachwe. Nilibadilishiwa dawa, ganzi ikabaki. Usiku nyayo zinawaka moto, mchana nakanyaga kama nakanyaga sufi. Baadaye ikapanda kwenye vidole vya mikono, na mimi ni fundi cherehani.

Miaka yote hiyo hakuna aliyenitajia tiba kazi. Muuguzi mmoja aliniona nahangaika na kalamu wakati wa kusaini, akaniandikia rufaa. Nikacheka moyoni, nikajua naenda kutafutiwa ajira! Kumbe “kazi” wanayoisema ni chochote unachofanya tangu unaamka: kuoga, kufunga vifungo, kupika, kubeba mtoto, kushona.

Mtaalamu alikuwa binti mdogo tu. Hakuniuliza CD4, ile hesabu ya chembe za kinga mwilini. Aliniuliza, “Mama, siku yako inakwendaje?” akanyamaza akisubiri jibu. Kisha akanitaka nichague mambo matano yanayonishinda, kila moja nilipatie alama kuanzia 1 hadi 10: lina umuhimu gani kwangu, nalifanya vizuri kiasi gani, na naridhika kiasi gani. Kwa kutunga uzi kwenye sindano niliandika 10 upande wa umuhimu na 2 upande wa kuweza. Akanipa mshikio wa kupima nguvu za mkono, nikaubana mara tatu kila upande. Halafu akaniambia nifumbe macho, niseme “ndiyo” kila nikihisi ananigusa unyayo kwa uzi wa plastiki. Nikangoja. Nikaona anachelewa kuanza, nikafumbua jicho moja nimchungulie. Uzi ulikuwa umeinama kwenye kidole gumba changu, na kwenye karatasi alikuwa ameshaweka alama sita.

Siku ile ndiyo nilielewa ni kwa nini niliwahi kutembea na pini ya kushonea ndani ya kiatu tangu asubuhi mpaka jioni. Tangu hapo nakung'uta viatu kabla ya kuvaa, natazama nyayo kwa kioo kila usiku, na maji ya kuoga nayapima kwa kiwiko, maana mguu wangu hauwezi kuniambia kama yanaunguza.

Kwenye cherehani ndiko alikonishinda akili. Aliniomba nimletee video nikiwa nashona. Akaitazama mara mbili, akasema mguu unateleza kwenye pedali na mimi sina habari, ndiyo maana mshono unakimbia. Tukapigilia kijiti chembamba nyuma ya kisigino kiwe kizuizi, tukapandisha kiti kidogo. Mkasi nikabadilisha, nikachukua wenye springi unaojifungua wenyewe. Uzi napitisha kwa kile kidude cha waya, ambacho kwa ujeuri wa ufundi nilikuwa nawaachia wanafunzi. Kitambaa kizito nakata asubuhi kabla uchovu haujanikamata, vifungo naviacha hadi jioni, na ninapumzika kabla sijachoka badala ya baada. Hilo la mwisho lilinichukua muda mrefu kulikubali. Chupa ya dawa? Kipande cha mpira usioteleza kwenye kiganja, na barua kwa mfamasia anipe vifuniko vya kawaida. Sasa naziweka juu, mbali na yule fundi wangu wa miaka 9.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu mbili. Kijitabu cha mazoezi kina herufi za kusomwa na sisimizi, wakati wengi wetu humo ni watu wazima wa kuvaa miwani. Lakini hiyo ningeisamehe. Siku moja binti yule hakuwepo, akaja mwingine, akavaa glavu jozi mbili kunigusa miguu isiyo na kidonda wala mchubuko. Nikamuuliza kama na wagonjwa wa kiharusi huwa anavaa mbili. Hakujibu. Mtu aliyesomea utengamao anajua kwamba VVU haviambukizwi kwa kugusana, kwa hiyo glavu zile zilikuwa za kunitenga tu. Nililalamika kwa maandishi, na sijapangiwa naye tena.

Ganzi haijaondoka, na binti aliniambia mapema kwamba haahidi kuiondoa. Baada ya vikao vinane alinirudishia karatasi ileile ya alama. Kwenye kutunga uzi, upande wa kuweza, nikaandika 7. Kuna jambo moja bado liko kwenye 3, kushuka ngazi gizani, nalo ndilo tunaloanza nalo miadi ijayo.