Mashine ya kahawa ya kujiwasha yenyewe, mwaka na miezi minne nayo hapa Likoni

Kuna watu watatu washaniuliza kama hii mashine inafaa kununua na kila mmoja nimempa jibu lake, kutegemea stima imenifanyia nini wiki hiyo, kwa hivyo wacha niandike yote mara moja nipumue.

Mie nafanya kazi jikoni, hoteli moja upande wa Nyali, zamu ya asubuhi. Yani saa kumi na moja kasorobo nishatoka nyumbani nikimbilie feri, manake ukiikosa ile ya mapema, na ukivuka matatu nayo ingoje ijae, ushachelewa na supavaiza hataki hadithi. Kabla ya mashine nilikuwa naamka saa kumi kamili, nawasha gesi, nachemsha kahawa kwa sufuria, naingoja machicha yatue chini, na siku nyingi naiacha hapo hapo sijaionja, nakuja kuikuta mchana sisimizi wanaogelea. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, nikifungua jicho kahawa iwe tayari. Sikutaka maziwa ya povu wala vidude, kahawa tu.

Ya kwanza haikuwa hata ya kununua. Binamu yangu alikuja likizo kutoka Marekani akaniletea moja nzuri kweli, nyeusi, ina kisaa chenye taa ya buluu, nikafurahi nikatia adapta nikachomeka. Haikumaliza dakika. Ikanguruma, ikanuka waya unaoungua, moshi, kwisha. Fundi wa mtaani alivyoifungua akanicheka, akanionyesha maandishi kule chini, volti 120, na hapa kwetu ni 240. Adapta inabadilisha miguu tu, haibadilishi volti. Na hesabu yake kumbe ni mbaya kuliko nilivyodhani, volti zikiwa mara mbili koili inavuta nguvu mara nne, kitu cha wati 900 kinataka kuwa cha 3600. Kwa hivyo kama una jamaa ng'ambo anataka kukuletea zawadi mwambie alete viatu.

Basi nikaanza kuzunguka maduka ya mjini. Jambo la kwanza, kwenye boksi wanaandika vikombe 12, wewe usifikirie kikombe chako cha chai. Kikombe chao ni kama mililita 150, wengine hata hazifiki, na magi yangu ya kazini inaingia 300, kwa hivyo 12 zao ni sita zangu. Ila ukihesabu kwa vile vikombe vidogo vya kahawa vya barazani zinatoka kama thelathini, unakunywesha baraza nzima na wapita njia.

Nikachukua ya 8,500, jagi la kioo, taima, filta ya wavu ya kudumu, waranti ya mwaka. Ilikuwapo na ya jagi la thamosi, elfu tatu juu, nikaona hiyo ni anasa. Hapo nilikosea na nawaambia nyinyi msikosee. Jagi la kioo linakaa juu ya kisahani cha moto, na kahawa ikikaa pale nusu saa tu inaanza kuwa na ule uchungu wa kuungua, si uchungu wa kahawa, ni uchungu wa kitu kilichopikwa mara ya pili. Tena yangu inajizima baada ya dakika 40. Nikadhani mbovu, nikairudisha dukani, kijana wa pale naye hajui, akaichomeka tukakaa tunaitazama kama televisheni. Baadae nikasoma kumbe ndo ilivyotengenezwa, Ulaya tangu 2015 sheria yao inataka mashine za jagi la kioo zijizime ndani ya dakika 40 na za thamosi ndani ya dakika tano, kuokoa stima. Siku hizi nikiamka tu nabugia magi yangu, iliyobaki naimimina kwenye chupa ya chai, na mavyaa wangu anaikuta moto saa mbili asubuhi. Lakini ndo hivyo, nimenunua mashine ya kunipunguzia kazi na bado nahamisha kahawa kwa mkono.

Sasa stima. Hapa ndo penye mambo. Mashine yangu stima ikipotea, hata ile ya kupepesa tu, taa zinazima zinarudi, saa inaanza upya 12:00 inakonyeza, na ile saa ya kujiwasha uliyoipanga nayo inasahau. Mwezi wa kwanza niliamka mara tano nikakuta 12:00 inanikonyeza, maji ndani ya tangi baridi, kahawa kwenye filta kavu, feri hainingoji. Mara mbili kati ya hizo ni tokeni zilikwisha usiku, hapo sina wa kumlaumu. Kwa hivyo ukienda kununua usimuulize muuzaji kama ina taima, nyingi zina taima. Mwambie apange saa mbele yako, aichomoe ukutani, mhesabu dakika moja mkipiga gumzo, aichomeke tena. Ikiwa bado inakumbuka saa, nunua. Ikikonyeza, bei ishuke au uende duka la pili. Mie ningeuliza hilo moja tu hata nusu ya haya nisingekuwa naandika.

Jirani yangu yeye alifanya akili nyingine. Akanunua mashine ya bei ya chini kabisa isiyo na saa yoyote, ile ya swichi inayobaki imebonyea, akaichomeka kwenye taima ya soketi, ya kuzungusha yenye vijino. Stima ikikatika nusu saa taima inasimama nusu saa, kahawa inachelewa lakini inakuja. Hii ukiijaribu na mashine kama yangu haifanyi kazi kwa sababu vitufe vyangu ni vya kugusa, stima ikirudi inangoja uiguse. Na taima yenyewe iwe ya ampea 13, hizi nyepesi za taa za mapambo zitayeyuka.

Halafu kuna kisa cha mavyaa. Yeye saa yake ya ukutani iko kwa Kiswahili tangu nilipoolewa, saa mbili usiku mkono uko kwenye mbili, na hajawahi kuona sababu ya kuhesabu vingine. Kisaa cha mashine kinakwenda mpaka 24. Usiku mmoja nshapanga kila kitu, maji, kahawa, kujiwasha 04:20, nimeenda kulala mapema. Yeye akapita jikoni akakuta imeandikwa 20:00. Saa ishirini! Akasema moyoni hiki chombo kimeharibika tena, maskini mwanangu kesho atachelewa, na kwa vile ashaniona mara chungu nzima nikibonyeza vile vitufe baada ya stima kupotea, akakaa akakirekebisha vizuri kikawa 02:00, saa mbili usiku, akaenda zake.

Sisi tumelala. Tunasikia ngrrr ngrrr, halafu harufu ya kahawa inajaa nyumba nzima. Baba watoto akashika rungu, mwizi gani huyu anajipikia kahawa kwanza. Natazama simu, saa nne na dakika ishirini za usiku. Niliiambia mashine 04:20 na kweli ikapika saa nne na dakika ishirini, ile ile, ila za kwetu. Tukakaa tukainywa wote watatu hadi karibu saa sita, hakuna aliyelala tena, asubuhi nikavuka feri macho mekundu kama mvuvi. Mavyaa mpaka leo anasema kosa ni la mashine, na mie nikifikiri sana naona hajakosea, kitu kinauzwa Mombasa.

Maji. Mwanzo nilitumia maji ya kisima cha plotini, ni yale yale tunayokoshea vyombo, nikasema si yatachemka. Kwanza kahawa ina chumvi kwa mbali. Pili, baada ya miezi miwili kupika jagi moja kulikuwa kunachukua dakika kumi, kukawa ishirini, na mashine inakohoa kama mzee. Ndani yake hakuna pampu, maji yanashuka kwenye paipu nyembamba iliyoshikana na koili, yakichemka viputo ndo vinasukuma maji juu yadondokee kahawa, na koili hiyo hiyo moja ndo inapasha kisahani. Sasa ule ukoko mweupe wa maji ya kisima ukiziba paipu, basi. Nikatia siki nyeupe, sehemu moja siki mbili maji, nikaipikisha nusu, nikaizima ikae nusu saa, nikamalizia, halafu maji matupu mara tatu mpaka harufu ikatoka. Vilivyotoka vilifanana na ganda la yai lililopondwa. Sasa natumia maji ya mtungi ya kununua, ya kunywa, na siki kila miezi miwili.

Kahawa yenyewe, siku ya kwanza nilitia ile ya unga laini tunayonunua Marikiti ya kupikia kwenye dele, lile birika la kahawa. Usijaribu. Ule unga unaziba filta, maji hayashuki, yanapanda, kapu likafurika na machicha yakateremka mpaka ndani ya droo ya vijiko. Mashine hizi zinataka kahawa iliyosagwa ya katikati, kama mchanga wa ufuoni, na mtu wa kusaga ukimwambia ni ya mashine ya filta anaelewa. Gramu 60 kwa lita ya maji, kwangu ni kama vijiko kumi vya chakula, na kama unapenda kali ongeza kahawa, usipunguze maji. Tena usibabaike na AA kwenye pakiti, AA ni ukubwa wa buni, si utamu, nishakunywa PB, zile buni za mviringo, ya bei nafuu ikanipendeza zaidi. Na joto letu hili na unyevu wa bahari, kahawa iliyosagwa usiiache pakiti wazi, mie natia kwenye kopo la mfuniko unaobana na nasagisha robo kilo tu kwa wakati.

Mavyaa alivyoionja mara ya kwanza alishika kikombe akakitazama, akanitazama. "Mwanangu, hii ni kahawa au ni maji ya kukoshea dele?" Haki yake, yeye amezoea kahawa tungu iliyokaa juu ya makaa tangu alasiri, ina tangawizi, unainywa na kipande cha halua. Nikajaribu kutia tangawizi ya unga kwenye filta, ikavimba ikaziba, tukarudi kule kwa droo ya vijiko. Mwisho nikapata njia, natwanga tangawizi mbichi kidogo na iliki mbili, naziweka chini ya jagi tupu usiku, kahawa inazidondokea moto. Inanukia. Ndani ya tangi la maji usitie kitu chochote zaidi ya maji, narudia, kitu chochote. Sasa anakunywa, na akimaliza anasema si mbaya, lakini jioni yule muuza kahawa akipita anagonganisha vikombe vyake bado anatafuta shilingi zake.

Filta ya wavu inapitisha vumbi na mafuta, kahawa inakuwa nzito, baba watoto anapenda hivyo. Mie nilihamia za karatasi baada ya kusoma kwamba karatasi inashika yale mafuta ya kahawa yanayopandisha kolestro, na mavyaa ana kolestro. Shida ni kuzipata, supamaketi hii wanazo ile hawana, na ukubwa haulingani. Siku moja zilikwisha nikatia tishu ya jikoni ikapasuka katikati, nikakumbuka yule mama wa Ujerumani, Melitta Bentz, mwaka 1908, aliyekata karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la mwanawe akaitia kwenye kopo alilolitoboa matundu. Yeye alipata hati ya uvumbuzi. Mie nilipata kahawa yenye vipande vya tishu.

Gharama ya stima msiogope. Wati 900 kwa dakika kumi haifiki hata robo ya yuniti moja, kwa bei ya tokeni ninazonunua ni shilingi tano hivi kwa jagi. Kisahani ndo mlaji wa siri ukikiacha.

Ningenunua tena? Hii hii, hapana. Ningeongeza ile elfu tatu nichukue ya thamosi, na ningeichomoa dukani kwanza. Lakini kuirudisha sufuria, aa-a. Ramadhani iliyopita niliipanga saa tisa na nusu, daku ikakuta kahawa tayari na mie nimelala dakika ishirini zaidi, dakika ishirini za alfajiri ya Ramadhani wanaozijua wanazijua. Kwenye kisaa nimebandika plasta nimeandika kwa kalamu kubwa USIGUSE, na chini yake mavyaa ameongeza kwa mkono wake, hii saa ni ya wazungu. Filta zimebaki nne, kesho nikitoka kazini napitia mjini kuzitafuta, aliyeziona za kapu la bapa, zile za vikombe 8 mpaka 12, aniambie duka gani.