ResMed AirSense 10 AutoSet: Mashine ya Kukatika Pumzi Usingizini na Madai ya Kulinda Moyo

Mashine ya AirSense 10 AutoSet, ambayo kampuni ya ResMed iliitoa mwaka 2014 na ambayo bado inapatikana sokoni, hata mtumba, inapaswa kupimwa kwa mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya: namna inavyomlaza mtu mwenye maradhi ya kukatika pumzi usingizini, na namna inavyomlindia moyo. Kwa la kwanza ninaisifu bila kusita. La pili lina masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyonifanya niandike tathmini hii, kwani muuzaji mmoja wa vifaa tiba aliwahi kunihakikishia kwamba mwenye mashine hahitaji tena vidonge vya presha.

Katika aina iliyo ya kawaida zaidi ya maradhi haya, koo hulegea mtu anapolala hadi njia ya hewa ikaziba kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni hushuka, ubongo humgutusha mgonjwa pasipo yeye kujua, na homoni za mshtuko humwagika katika damu. Hali hiyo ikijirudia zaidi ya mara 30 kwa saa, maradhi huhesabiwa kuwa makali. Presha, ambayo kwa mtu mzima wa afya hushuka usiku, hubaki juu, na kifua kinachojitahidi kuvuta hewa isiyopita huutesa moyo uliomo ndani yake, ndiyo maana wagonjwa wengi wa namna hii huwa pia na presha sugu au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Mashine hupuliza hewa ile ile ya chumbani (si oksijeni, kama jamaa wanaokuja kukujulia hali hudhani) kupitia mpira na barakoa, kwa nguvu ya kutosha kulizuia koo lisizibe. Tiba hiyo ilielezwa na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney mwaka 1981, na msingi wake haujabadilika.

AutoSet hujirekebisha yenyewe kati ya shinikizo la sentimita 4 na 20 za maji, ikipanda inapohisi koo linaanza kuziba na kushuka mambo yanapotulia. Huanza taratibu wakati mtu anatafuta usingizi, hupunguza nguvu kidogo anapotoa pumzi, na tangi lake la maji huilainisha hewa ili pua na koo visikauke. Kelele yake ni ndogo kuliko ya feni. Mwenzi aliyezoea mkoromo ataona nyumba imehama mtaa. Barakoa huchaguliwa kando na mashine, na hapo ndipo pa kutumia muda na fedha: anayelala mdomo wazi hatafaidika na ile ya puani, na barakoa inayovujisha hewa machoni itavuliwa kabla ya alfajiri hata kama mashine yenyewe ni bora namna gani.

Saa za kuivaa ndizo kiini cha suala la moyo. Utafiti mkubwa wa SAVE, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia watu 2,717 waliokuwa tayari na ugonjwa wa mishipa ya moyo au ya ubongo, na waliopewa mashine hawakupungukiwa na mashambulizi ya moyo, kiharusi wala vifo vya moyo kuliko waliopata matunzo ya kawaida peke yake, ingawa kusinzia mchana kulipungua na hali ya hisia zao ikaboreka. Hata hivyo, washiriki waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na wale waliokuwa wakisinzia kupita kiasi mchana hawakuingizwa. Kwa maoni yangu matokeo hayo hayaifanyi mashine kuwa bure. Yanawanyima wauzaji haki ya kuiita dawa ya moyo. Kuhusu presha ushahidi ni imara zaidi, lakini kiasi ni kidogo: hushuka kwa wastani wa milimita 2 hadi 3 za zebaki, na huweza kuzidi hapo kwa wenye presha sugu wanaoivaa usiku mzima. Hiyo ni nyongeza nzuri juu ya vidonge, wala haitoshi kuvitupa.

Kwa hiyo ninapoitazama skrini asubuhi, namba ninayoijali kwanza ni ya saa za matumizi, kisha idadi ya mikatiko ya pumzi iliyobaki, ambayo ni vema iwe chini ya 5 kwa saa. Alama za myAir, programu ya simu ya ResMed, hupendeza, ila 70 kati ya 100 hutokana na saa hizo hizo. Daktari atafaidika zaidi na kadi ya kumbukumbu iliyo ubavuni mwa mashine.

Mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri asinunue mashine yoyote ya familia hii kabla ya kupimwa usingizi, kwa sababu huenda pumzi zake hukatika kwa chanzo cha ubongo badala ya koo. Utafiti wa SERVE-HF wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba aina nyingine ya mashine, inayosaidia kila pumzi kwa kubadilisha nguvu, iliongeza vifo vya moyo kwa wagonjwa hao. AutoSet si aina hiyo, ila kwa macho zinafanana.

Umeme unapokatika mashine huzima. Inaweza kuendeshwa kwa betri ya gari kupitia kibadilishi chake cha volti, na kuzima kipasha maji hurefusha kwa kiasi kikubwa muda ambao betri hudumu kabla ya kuisha chaji. Tangi litiwe maji yaliyokenekwa, si yale ya betri ya gari. Kichujio cha hewa kikaguliwe mara kwa mara palipo na vumbi, na anayeletewa mtumba anunue mpira, tangi na barakoa vipya. Akipewa badala yake mashine ya Philips, namba yake ya mfululizo ihakikiwe kwanza, maana Juni 2021 kampuni hiyo ilitangaza kuziondoa sokoni mamilioni ya mashine zake kwa ajili ya sponji ya kuzuia kelele iliyokuwa ikimomonyoka ndani.