Pre-form five ya huku Mbagala: pindi kali, pa kukaa hakuna

Jamani mnaouliza tuisheni za pre-form five (za kujiandaa na kidato cha tano) huku Mbagala, mdogo wangu kamaliza form four Novemba na mlipaji nilikuwa mimi kwa hiyo nina haki ya kuongea. Jina la kituo sitaji maana kuna ya kulalamika pia.

Ada 60,000 kwa mwezi masomo matatu, BAM (hesabu ya msingi ya form five) unaongeza elfu kumi. Darasa ni banda la bati na joto la Januari mnalijua wenyewe, madogo zaidi ya mia kwenye mabenchi ya watu sitini hivi, ukichelewa unasimama dirishani unakopi notsi kwa kuchungulia. Halafu fotokopi wanauza, zimefifia hata grafu huioni, hapo ndo waliponiudhi kwa sababu siku ya kwanza niliambiwa ada ni kila kitu.

Ila ticha wa fizikia!! Yule Mungu amuweke tu. Dogo alienda pale kashaamua CBG (kemia, baiolojia na jiografia), hesabu zake akwepe fizikia kisha baadaye akasome udaktari, na nyumbani tulishaanza kumwita dokta kabisa. Jumamosi moja ticha akasimamisha pindi akauliza nani anataka kuwa daktari, mikono ikajaa banda zima, akasema haya, wa CBG shusheni. MD, yaani digrii ya udaktari, wanataka fizikia, kemia na baiolojia zote tatu, hiyo jiografia haikufikishi Muhimbili. Akafungua mwongozo wa TCU (tume ya vyuo vikuu) kwenye simu akaanza kuwasomea kozi moja moja na vigezo vyake, na wa CBG nao akawaonyesha pa kwenda, kilimo, mazingira, mpaka mambo ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro huko. Kwa kweli mimi mwenyewe sikuwa najua, na tangu 2024 tahasusi (hizo kombi za form five) zimefika 65 ndo kabisa mzazi unabaki unashangaa.

Dogo alinuna siku mbili. Bahati matokeo yalimkuta na C ya fizikia, Selform (mfumo wa mtandaoni wa kubadili tahasusi) ilipofunguliwa akabadili akaweka PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, saa hizi anapiga msuli wa vekta usiku na umeme ukikatika anaendelea na tochi ya simu yangu, chaji yangu ndo inayoumia.

Kemia na baiolojia kawaida tu, ticha wa baiolojia anasoma notsi mnaandika, basi.

Wa mwisho anamaliza mwakani, nitampeleka palepale. Ila atatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi akawahi benchi.