Numbeo kwa mtu wa Kigoma: London au New York, na ile asilimia inasema nini

Nyota tatu kati ya tano. Mbili zilizokosekana tutazieleza, maana ndizo zinazomgharimu mtu pesa.

Msimu wa maombi ya vyuo ukifika, kwenye stationery za Mwanga na Ujiji swali huwa ni lile lile: kijana kaitwa London, kaitwa na New York, mzazi anataka kujua kwa mwezi itamtoka kiasi gani. Anafungua Numbeo, tovuti ya kulinganisha gharama za maisha za miji, anaandika miji miwili, inatokea asilimia moja, wanaondoka nayo nyumbani. Asilimia ile si ya uongo. Ila imejibu swali jingine kabisa.

Kwanza ijulikane kazi yake. Numbeo ilianzishwa mwaka 2009 na Mladen Adamovic, aliyewahi kuwa mhandisi wa programu Google. Kuitumia ni bure. Bei zake nyingi hujazwa na watu wa kawaida wanaoishi katika mji husika, kisha huchanganywa na bei ambazo wenye tovuti wanazikusanya wenyewe, kwa mfano za supamaketi na za teksi. Mizani yao yote imesimama juu ya New York, ambayo siku zote ni 100. Mji ukiandikwa 80, maana yake bei zake ni pungufu kwa asilimia 20 kuliko New York.

Mtego wa kwanza uko hapo hapo. Ukisoma kutoka London kwenda New York na ukasoma kutoka New York kwenda London, asilimia hazilingani. Mji wa 80 ni nafuu kwa asilimia 20 kuliko wa 100, lakini wa 100 ni ghali kwa asilimia 25 kuliko wa 80. Wapo wanaoona 25 na 20 wakadhani tovuti imekosea. Haijakosea, kigawanyo ndicho kimebadilika. Chagua upande mmoja wa kusomea na ubaki nao mpaka mwisho.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi: fahirisi (tarakimu ya kulinganishia miji) ya gharama za maisha, ile inayotajwa sana, haina pango ndani yake. Ipo nyingine yenye pango, na ya tatu inayopima uwezo wa mshahara wa mwenyeji kununua vitu vya huko huko. Mwanafunzi anayelipiwa na mzazi kutoka Kigoma hahusiki na hii ya tatu hata kidogo, kwa sababu pesa yake haitoki kwenye mishahara ya London. Asome ile yenye pango. Nyingine aziache.

Hata hiyo ya pango, hapa ndipo nyota ya kwanza ilipoanguka. Numbeo inauliza bei ya nyumba ya chumba kimoja cha kulala na ya vyumba vitatu, katikati ya mji na nje ya katikati. Mstari wa chumba katika nyumba ya kushirikiana haupo, na wanafunzi wengi wa London na New York ndivyo wanavyoishi: jiko moja, choo kimoja, kila mtu na mlango wake, kama nyumba zetu za kupanga zenye korido. Ukichukua nyumba nzima ya chumba kimoja kama kipimo, bajeti itakutisha bure. Ukigawanya ya vyumba vitatu kwa tatu unapata makadirio yanayokaribia ukweli. Fanya hivyo, kisha hakikisha kwenye tovuti ya vyumba kama SpareRoom, ambayo ina matangazo ya miji yote miwili.

Halafu yapo masharti ambayo hakuna fahirisi inayoyabeba. Sisi huku tumezoea kulipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali anachukua chake, mara nyingi kodi ya mwezi mmoja. England, sheria ya mwaka 2019 inazuia amana isizidi pango la wiki tano kwa nyumba ambazo pango lake kwa mwaka halifiki pauni 50,000, na ada za kukuonyesha nyumba au kukuandikia mkataba haziruhusiwi. New York amana haizidi mwezi mmoja. Udalali nao, tangu Juni 11, 2025, analipa aliyemwita dalali, kwa hiyo dalali akiwa wa mwenye nyumba, mpangaji halipi. Hiyo ni nafuu. Ugumu wa New York uko kwingine: wenye nyumba wengi wanataka kipato cha mwaka kisichopungua mara 40 ya pango la mwezi. Nyumba ya dola 1,500 inadai kipato cha dola 60,000. Usipokuwa nacho unatakiwa kuleta mdhamini, ambaye kwa kawaida wanamtaka awe na mara 80, yaani dola 120,000. Mzazi mwenye duka Lumumba Road hawezi kuwa mdhamini huyo, si kwa sababu hana kitu, bali kwa sababu wanataka mtu mwenye kipato cha Marekani. Mwanafunzi mgeni aanze na hosteli ya chuo, hata kama kwenye makaratasi inaonekana ghali kidogo.

Joto la nyumba nalo. Mtu wa ziwani hapati picha yake mpaka afike. Katika jiji la New York mwenye nyumba analazimika kisheria kuweka joto kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, na mchana, nje kukiwa na baridi, ndani pasishuke chini ya nyuzi 20 za Selsiasi. Kwenye majengo mengi ya zamani gharama hiyo imo ndani ya pango. London mpangaji kwa kawaida analipa gesi na umeme mwenyewe, isipokuwa tangazo liseme bili zimo. Kwa hiyo ukiweka pango la London kando ya la New York bila kuuliza bili, umelinganisha embe na kokwa yake. Numbeo inao mstari wa huduma za msingi, ila umepigiwa hesabu ya nyumba ya mita za mraba 85. Chumba chako hakitafika huko.

London ina kodi ya halmashauri pia, hutozwa kwa nyumba. Nyumba ambayo wote ni wanafunzi wa muda wote wanasamehewa. Akiingia mmoja anayefanya kazi, msamaha unaondoka. Ulizeni mapema nani anaishi humo.

Usafiri tovuti imeukamata vizuri kwa safari moja, vibaya kwa mwezi. New York nauli ni moja, uende vituo viwili au ishirini: ilikuwa dola 2.90, Januari 2026 ikawa dola 3. Ukigonga kadi ile ile au simu ile ile, ukifikisha dola 35 ndani ya siku saba, safari zinazobaki ni bure. Kwa mwezi haizidi dola 152 hivi. Ila kuwa makini na pasi ya mwezi ambayo bado inakaa vichwani mwa watu: kadi za zamani ziliacha kuuzwa mwisho wa 2025, na bei iliyojazwa na mtu kabla ya hapo si ya kutegemea. London inagawanywa kwa kanda, na kila kanda unayoongeza treni inakula zaidi. Pango la kanda ya 4 linaonekana rahisi mpaka ujumlishe nauli ya kwenda chuo kanda ya 1, katikati ya jiji. Basi ndilo mkombozi wa mwanafunzi: kwa bei za mwaka 2025 ni pauni 1.75, ndani ya saa moja unapanda mengine bila kulipa tena, na kwa siku haipiti pauni 5.25, hata ukishinda juu ya basi kutwa nzima.

Tuje kwenye chakula, ambako fahirisi ina makosa ya kikapu, yaani orodha ya vitu inavyovipimia bei. Angalia mstari wa kuku. Numbeo inauliza kilo moja ya minofu, yaani nyama ya kifua bila mfupa wala ngozi. Nani Kigoma ananunua hivyo? Huku kuku hununuliwa mzima, mara nyingi akiwa hai, miguu imefungwa kwa kamba, na bei ni ya kuku, si ya kilo. Hata London, anayebana matumizi hachukui minofu. Anachukua mapaja yenye mfupa, au kuku mzima, kwa bei ya chini zaidi kwa kilo. Kwa hiyo huo mstari unapandisha gharama ya mtu ambaye hatakula hivyo. Ndani ya kikapu hicho zimo pia sigara, bia, kapuchino, jinzi za Levi's, ada ya uwanja wa tenisi, hata bei ya gari jipya. Upande wa pili, unga, dagaa, maharage na mawese havimo. Mawese na unga mweupe wa mahindi vinapatikana kwenye maduka ya Waafrika, Peckham na Dalston kwa London, Harlem na Bronx kwa New York, lakini bei zake zitafute huko huko. Tovuti haina.

Dawa ni kutumia kikokotoo cha ndani ya Numbeo, ambacho wengi hawakifungui. Kinakuruhusu kuweka idadi ya watu, kupunguza mara za kula mgahawani, kuondoa sigara, pombe na kahawa ya nje. Weka mgahawa karibu na sifuri kisha ulinganishe tena. Kwa London na New York hatua hiyo ina uzito, kwa sababu mgahawani ndiko New York inakoumiza zaidi ya inavyoandikwa. Sahani ya dola 20 inaongezwa kodi ya mauzo ya asilimia 8.875, yaani dola 1.78, halafu bakshishi ambayo desturi yao ni kama asilimia 20, dola 4. Unatoka umelipa dola 25.78. London sahani ya pauni 20 kodi imo tayari, na migahawa mingi ya kukaa huongeza huduma ya asilimia 12.5, jumla pauni 22.50, na hiyo ya huduma una haki ya kuomba iondolewe. Ukipika mwenyewe tofauti hiyo inakwisha: New York vyakula vingi vya kupikia dukani havitozwi kodi ya mauzo, wala nguo na viatu vya chini ya dola 110 kila kimoja.

Kwa anayekwenda kufanya kazi, tovuti inatoa sentensi inayosema ukiwa na kiasi fulani mji huu, unahitaji kiasi fulani mji ule uishi vile vile. Ni mshahara wa mkononi, baada ya makato. Barua ya ajira huandika mshahara kabla ya makato. Mshahara wa pauni 30,000 kwa mwaka London, kabla ya michango ya pensheni, unakatwa kodi pauni 3,486 na bima ya taifa pauni 1,394, zinabaki kama 25,120. New York makato yana ngazi tatu: serikali kuu, jimbo, na jiji lenyewe. Piga makato kwanza, ndipo ulinganishe.

Nyota ya pili imeangukia nyumbani. Kuweka Kigoma au Tabora upande mmoja na London upande wa pili hatushauri. Shuka chini ya ukurasa wa mji, pameandikwa watu wangapi wamejaza bei ndani ya miezi 12. Wakiwa watatu, hesabu ni nyepesi kama unyoya: wawili wakiandika mchele 3,000 na 3,200, wa tatu akakosea akaandika bei ya sado akidhani ni ya kilo, 10,000, wastani wa kawaida unaruka hadi 5,400. Na kosa hilo ni rahisi kutokea, kwa kuwa tovuti inataka kilo, na soko linauza kwa sado, kwa fungu na kwa dumu. Anayetaka kusaidia mji wake ajaze vizuri: apime sado ya lita nne ya mchele kwenye mizani ya duka, itakuja kilo tatu na ushee, agawanye bei kwa uzito huo. Fungu la nyanya alipime vile vile, manne au matano kwa pamoja, maana mafungu hayafanani. Mawese yeye aongeze kwenye daftari lake, sehemu ya kuyajazia haipo. Wakijaza watu thelathini kutoka Mwanga, Kibirizi, Gungu na Ujiji kwa mtindo huo, safu ya Kigoma itakuwa kitu cha kutumia.

Kabla ya kumpa mzazi tarakimu, ilinganishe na ya serikali. Uingereza, tangu Novemba 2025, inamtaka mwombaji wa viza ya masomo London aonyeshe pauni 1,529 kwa mwezi, kwa miezi isiyozidi tisa, jumla 13,761, nje ya ada, na pesa ikae benki siku 28 mfululizo. Nje ya London ni 1,171 kwa mwezi. Bima ya afya ya wahamiaji inalipwa kando wakati wa maombi, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Marekani chuo chenyewe kinaandika gharama ya mwaka kwenye fomu ya I-20, ile kinayompa mwanafunzi ya kuombea viza. Hesabu yako ya Numbeo ikitoka chini sana ya hizo, kuna mstari umeusahau, na mara nyingi ni bima au bili.

Badilisha sarafu kuwa shilingi mwishoni kabisa, si mwanzoni, na utumie bei ambayo benki yako inauzia pauni au dola siku hiyo, kwa sababu tovuti inatumia bei ya soko ambayo huipati dirishani. Andika tarehe kando ya kila tarakimu. Nauli za London kwa kawaida hubadilika Machi, kodi ya halmashauri Aprili, na hesabu iliyofanywa Januari irudiwe kabla ya kulipa amana ya chumba.