Debian 12 kwenye kompyuta kuukuu za maabara: uzoefu wangu

Chuo ninachofundisha kiko Ngara, Nairobi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa. Maabara yetu ina Dell OptiPlex 755 kumi na mbili, zenye prosesa ya Core 2 Duo na RAM ya GB 2, pamoja na laptop ndogo nne zenye prosesa ya Atom N270. Windows iliyokuwemo ilikuwa nzito kiasi kwamba mwanafunzi aliwasha kompyuta, akashuka kununua smokie, akarudi akiitafuna, na bado inazunguka tu. Windows 11 kwa prosesa za umri huo haiwezekani, na usaidizi wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mkuu wa chuo akaniuliza, "Mwalimu, si tuziuze tu kwa kilo?"

"Nipe wiki tatu, Madam."

Nilianza na Lubuntu, mfumo wa bure wa Linux unaochukua nafasi ya Windows. Ni nzuri, sina ugomvi nayo, ila Atom N270 ni ya biti 32, muundo wa prosesa za zamani, na Lubuntu iliacha biti 32 zamani. Nikahamia Debian 12, Linux ya aina nyingine, yenye Xfce (mandhari nyepesi ya madirisha na menyu), ili darasa zima lione sura moja kwenye skrini. Anayetaka kufuata njia hii ajue kwamba Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haisakinishiki tena kwenye mashine za biti 32. Laptop zetu ndogo zitabaki kwenye 12 mpaka zife.

Sasa niseme ukweli ambao wapenzi wa Linux hawapendi kuusema: mfumo peke yake haukufufua kitu. Kwenye diski ya zamani, Debian ilijikokota pia. Nilishuka Luthuli Avenue nikanunua SSD (diski za kasi zisizozunguka) za GB 120 na RAM za DDR2 za mitumba, kila OptiPlex ikafika GB 4. Hapo ndipo mambo yalibadilika. Kompyuta inawaka kabla sijamaliza kuita majina.

Kilichonisumbua zaidi ni kitu kidogo cha kuchekesha. Kompyuta tano zilikataa kufungua tovuti karibu zote, kivinjari cha Firefox kikilia kwamba vyeti vya usalama si halali. Siku mbili nilikagua nyaya na swichi, nikamshuku hata mwenye intaneti. Kumbe betri za saa kwenye ubao mama zilikuwa zimekufa; stima ikikatika, tarehe inarudi 2007, na cheti kilichotolewa mwaka huu kinaonekana hakijaanza kazi. Nikaweka betri mpya za CR2032, kelele zikaisha. Ukipata kompyuta ya kupewa, anza na betri hiyo kabla ya kugusa kingine chochote.

Kilichoniokolea bando ni programu ya apt-cacher-ng. Kompyuta moja inapakua vifurushi mara moja, nyingine zote zinachota kwake kupitia waya. Bila hiyo ningepakua LibreOffice (programu za ofisi za bure) ileile mara kumi na sita.

LibreOffice yenyewe imetutosha, isipokuwa kwa malalamiko ya mwezi wa kwanza: kazi iliyoandikwa nyumbani kwa fonti ya Calibri ilifika maabara kurasa zimehama, jedwali limevunjika. Nilisakinisha fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana sawa na za Calibri, na malalamiko yakapungua. Hayakuisha. Yupo kijana aliyeniambia "Sir, hii ni Windows feki" hadi siku ya mtihani, na alipita vizuri.

Udhaifu mkubwa ni kivinjari. OptiPlex zinavumilia kurasa nne tano. Ukiongeza video, feni inaanza kuunguruma kama posho mill. Nimewasha zram, ambayo inabana data ndani ya RAM badala ya kuisukuma kwenye diski, na inasaidia kidogo. Laptop za Atom kwenye intaneti ni mateso. Nazitumia kwa mazoezi ya kuchapa na lugha ya programu ya Python ya mwanzo, na hapo hazina shida.

Kwa madarasa ya kuchapa, kuandika programu na majedwali, ningerudia kazi hii kesho. Mwalimu wa uhasibu ndiye sijampatia jibu. Programu anayofundishia ni ya Windows tu, kwa hiyo kila Alhamisi anapanda ngazi na laptop yake na projekta, wanafunzi wanatazama ukutani huku OptiPlex zimezimwa mbele yao.