Kramponi za kwanza za mtoto: kiatu gani kinadumu juu ya mawe ya Goma?

Mtoto akiitwa kwenye timu ya mpira wa miguu ya mtaa, mzazi wa Goma hushuka Birere au soko la Virunga hata kabla ya juma kuisha. Fahari hiyo ni haki yake. Lakini fahari hiyo hiyo ndiyo inayokosea kuchagua. Mkono unakwenda kwenye kiatu kinachong'aa, chenye meno marefu, namba mbili juu ya mguu wa mtoto "ili akue nacho". Majuma sita baadaye meno yamelika upande mmoja, mtoto anachechemea, na muuzaji analaumiwa. Tatizo lilianza mapema zaidi: kiatu kile kilitengenezwa kwa ajili ya nyasi, na viwanja vingi vya watoto hapa mjini havina nyasi.

Hapa tunapima kramponi, yaani viatu vya kuchezea mpira wa miguu, vya watoto wa miaka 5 hadi 12, namba 27 hadi 37 hivi, kama vinavyopatikana kwenye mafungu ya mitumba na kwenye maduka ya vitu vipya. Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: chukua kiatu cha meno madogo madogo ya mpira, chenye alama TF, kinachouzidi mguu kwa upana wa kidole kimoja. Kwa kiwanja cha mawe hatujaona cha kukishinda.

Sababu iko chini ya miguu yetu. Tarehe 17 Januari 2002 uji wa moto wa volkano ya Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ziwani, ukapoa ukawa mawe, na sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya mawe hayo na ya milipuko ya zamani zaidi. Okota kipande kimoja ukiangalie kwa karibu: kimejaa vitundu, na kila ukingo wa kitundu unakata kama chupa iliyovunjika. Kiwanja cha mtaa ni mawe hayo yaliyopondwa na kusawazishwa. Kila mtoto anapogeuka au kusimama ghafla, soli inapigwa msasa. Waendesha chukudu, zile baiskeli za mti za kubebea mizigo, wanalijua jambo hili vizuri, ndiyo maana gurudumu la mti huvalishwa mpira wa tairi.

Sasa chukua kiatu cha FG, kile cha meno marefu ya plastiki ngumu. Kina meno kumi na kitu tu, na kwa kawaida manne yako kisiginoni. Kwenye nyasi meno huzama, na uzito wa mtoto hupokewa na soli nzima. Kwenye mawe hayazami hata kidogo, kwa hiyo mtoto anatembea juu ya vijiti. Kila kishindo kinapanda moja kwa moja kwenye kisigino, na kifundo kinayumba kwa sababu jino moja limekanyaga jiwe na jingine limekanyaga shimo.

Kisigino cha mtoto kina sehemu laini ya mfupa ambayo bado inakua, na kano nene ya nyuma ya mguu inavuta hapo hapo. Kati ya miaka 8 na 14, mtoto anayekimbia sana juu ya ardhi ngumu anaweza kupata maumivu ya kisigino ambayo madaktari huyaita ugonjwa wa Sever, kwa jina la daktari wa Marekani aliyeyaeleza mwaka 1912. Hauambukizi, na mfupa haujavunjika. Dalili yake ni rahisi kuitafuta: shika kisigino kwa kiganja, kibane kutoka pande mbili, kushoto na kulia. Mtoto akivuta mguu kwa maumivu, apumzike michezo ya kukimbia, avae kiatu chenye soli laini, na kama maumivu hayapungui baada ya majuma mawili au matatu apelekwe kwa daktari. Wazazi wengi huchukulia kuchechemea huko kama uvivu au woga wa mazoezi. Si haki kwa mtoto.

Kiatu cha TF kinafanya kinyume. Chini kina vijino vifupi vya mpira, vingi, vimetawanyika soli nzima. Juu ya mpira huo kuna soli ya kati ya povu inayomeza kishindo. Uzito unagawanyika, kifundo kinatulia. Mpira wenyewe unavumilia mawe kuliko plastiki ngumu, ambayo humeguka. Ni kiatu kilichobuniwa kwa ajili ya nyasi bandia fupi, na mtoto akibahatika kucheza kwenye uwanja wa nyasi bandia, kama ule wa Umuganda ng'ambo ya mpaka kule Gisenyi, hana haja ya kubadilisha.

Kina kasoro zake. Ya kwanza ni pua. Mtoto anapopiga mpira huburuta ncha ya kiatu kwenye mawe, na gundi ya pale mbele inaachia, kiatu kinafungua mdomo. Hutokea karibu kwa kila jozi, na dawa yake iko hapo chini. Ya pili ni tope. Vijino vifupi hujaa udongo, na mtoto akialikwa kucheza nje ya mji kwenye kiwanja cha udongo wakati wa mvua, atateleza. Hapa mjini hilo ni nadra kwa sababu mawe yetu yanameza maji haraka. Ya tatu, vijino huisha kwanza chini ya kidole gumba na pembeni mwa kisigino kwa nje. Vikibaki chini ya milimita 2 pale, kiatu kimeshamaliza kazi yake hata kama juu bado ni kizuri.

Alama nyingine utakazokutana nazo: SG ni ya meno ya chuma au yanayofungwa kwa skrubu, kiache kabisa. AG ina meno mafupi ya mviringo na mengi kuliko FG, inafaa kama TF haipatikani. MG huwa katikati ya hizo mbili, FG na AG. IC au IN ina soli tambarare ya ukumbini. Kwa mtoto wa miaka 5 au 6 anayeanza tu, hiyo tambarare inatosha kabisa, na ataivaa hata shuleni.

Mitumba au kipya? Kwa fedha ile ile, mitumba ya TF iliyochaguliwa kwa makini inashinda kipya cha kuiga. Kipya cha bei ndogo mara nyingi ni plastiki ngumu juu na chini: mguu unatoka jasho, na ngozi ile ya kuiga inapasuka pale vidole vinapokunjika. Kijaribu hivi. Shika kisigino kwa mkono mmoja na pua kwa mwingine, kisha kunja. Kinatakiwa kukunjika kwenye theluthi ya mbele, pale ambapo vidole vya mtoto hukunjika. Kikikunjika katikati, chini ya upinde wa mguu, kirudishe. Kikikataa kukunjika, kirudishe pia. Kisha bonyeza nyuma ya kisigino kwa kidole gumba: pawe pagumu, pasibonyee kama karatasi.

Mitumba nayo ina mtego ambao wengi hawaujui. Kuna soli za kati za aina ya poliyurethani ambazo huharibika zenyewe kwa unyevu wa hewa, hata kiatu kikiwa kimekaa ndani ya boksi bila kuvaliwa. Kwa nje kinaonekana kipya, muuzaji anasema "Mama, hii ni orijinali, angalia hata vumbi haina," na kweli haina. Siku ya tatu ya mazoezi soli inamomonyoka kama mkate mkavu. Bonyeza soli ya kati kwa ukucha: povu zima hurudi polepole, lililooza hubaki na shimo au kutoa unga. Angalia kama kuna nyufa nyembamba pale kiatu kinapokunjika. Fungua ulimi usome kibandiko cha ndani. Mara nyingi kina mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na kiatu chenye zaidi ya miaka minane kinahitaji kuminywa mara mbili. Halafu kiweke juu ya meza tambarare, ukiangalie kwa nyuma. Kikiinama upande mmoja, mguu wa mwenye zamani umeshakipinda, na mtoto wako atafuata upindo huo.

Bei tusiziandike, kwa sababu zinapanda na kushuka na dola. Uliza kwa faranga, kisha uliza kwa dola, ufanye hesabu mwenyewe kabla ya kukubali.

Kuhusu namba ndipo fahari inapoharibu zaidi. Kuanzia miaka 5 hadi ujana, mguu hurefuka kwa wastani wa karibu milimita 9 kwa mwaka. Kiatu chenye nafasi ya milimita 10 hadi 12 mbele ya kidole kirefu kinamtosha mtoto mwaka karibu mzima, na mawe ya hapa hayatakiacha kifike huko. Namba mbili za ziada hazina faida yoyote: mguu unateleza mbele, kucha zinagonga na kuwa nyeusi, malengelenge yanaota kisiginoni, na kiatu kinakunjika mahali pasipo pake.

Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana. Mtoto asimame na soksi atakayochezea, kisigino kikigusa ukuta, karatasi chini. Weka alama mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa watoto wengine si gumba. Pima miguu yote miwili, ufuate ile ndefu. Ongeza sentimita 1, zidisha kwa 1.5, utapata namba ya Ulaya. Mguu wa sentimita 20 unakuwa 21, mara 1.5 ni 31.5, kwa hiyo tafuta 32. Viwanda vinatofautiana, basi hakikisha dukani: toa soli ya ndani, iweke chini, mtoto asimame juu yake, kisigino kikae kwenye alama ya kisigino. Utaona kwa macho nafasi iliyobaki mbele, na utaona kama mguu unamwagika pembeni. Kubonyeza pua ya kiatu kwa kidole hakutoshi, maana mtoto hukunja vidole bila kujua. Na mtoto akikitaka sana kiatu atakwambia hakimbani. Soli ya ndani inasema kweli.

Kama mtoto bado hajui kufunga kamba, chukua cha mkanda wa kubandika. Wengi huweza kamba karibu na miaka 6. Akianza, mnunulie kamba bapa za sentimita 90 hivi. Za mviringo hufunguka haraka. Fundo la pili lipite chini ya kamba za mbele lisining'inie. Na mwache afunge mwenyewe mbele ya wenzake, hata ikichukua dakika tano na kocha anapiga filimbi. Siku hiyo ni kubwa kama ya goli la kwanza, mzazi asiinyang'anye kwa haraka yake.

Siku ya kununua, kabla kiatu hakijagusa kiwanja, kipeleke kwa kordonie, fundi viatu, akishone kuzunguka soli kwa uzi wa nailoni, na pua aishone mara mbili. Kama kimeshafungua mdomo tayari, kole (gundi) peke yake bila maandalizi haitashika. Toa vumbi lote, piga msasa pande zote mbili, paka kole nyembamba pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, ndipo ubane kwa nguvu na ukiache chini ya uzito usiku kucha. Wengi hubandika kole ikiwa bado mbichi, na kesho yake inaachia.

Kuhusu usafi: vumbi letu jeusi linakata uzi. Punje huingia kwenye mshono na kila hatua zinasaga. Baada ya mazoezi gonga viatu viwili pamoja, piga brashi kavu, ndipo utumie maji na sabuni kidogo. Usiloweke kwenye beseni. Usikaushe karibu na babula, jiko la makaa, wala juani moja kwa moja, gundi inalainika na povu linasinyaa. Toa soli ya ndani, jaza karatasi, weka kivulini penye upepo, badilisha karatasi zikilowa.

Vingine kwa kifupi. Vikinga ugoko si mapambo, kanuni za mchezo zinavidai, na kwenye mawe vina kazi mara mbili. Mpira wa namba 4 ndio wa miaka 8 hadi 12. Namba 5 ni mzito kwao, una gramu 410 hadi 450.

Kiatu kikishakuwa kidogo na bado kizima, mpe mdogo wake au mtoto wa jirani, lakini toa kwanza soli ya ndani, kwa sababu imeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe: shimo la kidole gumba, duara la kisigino. Kordonie atakata nyingine kwa sponji, achukue kipimo cha ile ya zamani. Ile ya zamani ifute, ikauke, uandike nyuma yake kwa kalamu namba ya kiatu, mwezi na mwaka, uiweke pamoja na ya mwaka uliopita.