Silikoni ipi ununue kuziba madirisha kabla mvua ya Dodoma haijaanza

Wenzangu wa Nzuguni, Iyumbu, Nala na kote ambako nyumba zipo uwanja wazi mnajua hii shida, kiangazi upepo unasukuma vumbi jekundu linaingia ndani na dirisha limefungwa kabisa, asubuhi umefuta kabati jioni unaandika kwa kidole, afu Desemba inakuja mvua ya upepo inayopiga ukuta kwa ubavu na palepale vumbi lilipokuwa linapita maji nayo yanapita. Kwa hiyo ziba sasa ukuta ukiwa mkavu.

Kwangu maji yaliingia chumba cha watoto, na fundi alikuwa ameziba miezi minane tu nyuma. Nikapenyeza kucha pembeni ya fremu nikavuta, silikoni ikatoka nzima kama kamba ya kiatu, mgongoni imebeba unga mweupe wa lipu. Ukuta haikuwa imeushika. Ndo nikakumbuka siku anapaka, chumba kizima kilinuka siki.

Hiyo harufu ishike sana. Silikoni inayonuka siki ni ya asidi, kwenye tyubu wanaandika acetic au acetoxy, ikiwa inakauka inatoa asidi ileile ya siki, na saruji haipatani na asidi, pale zinapogusana panatokea unga na silikoni inaachia. Kwenye chuma kitupu inaleta kutu.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni silikoni iliyoandikwa neutral. Inashika aluminiamu, kioo na lipu, jua inalivumilia miaka, na zaidi ya yote inavutika. Hapa kwetu mchana jua kali usiku baridi, fremu ya aluminiamu ya mita 1.5 joto lake likipanda nyuzi 30 inarefuka kama milimita 1 hivi, usiku inarudi, kila siku hivyohivyo, sasa ukiziba na kitu kigumu lazima kipasuke. Kasoro yake rangi haishiki juu yake, so chagua tyubu inayoendana na fremu yako, na bei iko juu kuliko ile ya siki. Lipa tu, kurudia kazi ni gharama kubwa zaidi.

Namba mbili ni PU, yaani poliurethani. Kwa kushika lipu, tofali na mbao iko vizuri sana na rangi unapaka juu, mwenye fremu za mbao au ufa mpana anunue hii. Ila jua linaichakaza usipoipaka rangi, na usiiweke kati ya kioo na fremu maana jua linapita kwenye kioo linaiharibu palepale iliposhika.

Ya tatu ndo ile ya siki, kwenye kioo kwa kioo haina shida na bei yake ni nafuu, ukutani usiipeleke. Akriliki nunua kwa nyufa ndogo za ndani unazotaka kupaka rangi, nje hapana, ni ya maji na ikikauka inasinyaa. Wenye madirisha ya chuma ya zamani puti bado inafaa ila subiri ishike ngozi juu ndo upake rangi, isipopakwa inapasuka. Povu la kupuliza naliweka mwisho kabisa, ni la kujaza tundu kubwa nyuma afu ulifunike, likiachwa juani linageuka njano na kumomonyoka.

Dukani, iwe Majengo au kwingine, soma tarehe ya mwisho kwanza na usichukue tyubu zilizopangwa juani. Tyubu ya mililita 300 ukipaka mstari wa milimita 6 kwa 6 inakupa kama mita 8, dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 mzunguko wake ni mita 5.4, so tyubu moja ni dirisha moja na nusu hivi kwa upande mmoja. Nunua na spiriti. Ya zamani itoe yote kwa sababu silikoni mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu, piga brashi vumbi litoke, futa kwa hiyo spiriti, ndo upake. Afu iache, silikoni inakauka kwa unyevu wa hewani na hewa yetu ya kiangazi ni kavu, inachelewa, usiimwagie maji kesho yake kujaribu.

Na kwenye dirisha la kuslaidi tafadhali sana simamia fundi mwenyewe, reli ya chini ina vitundu upande wa nje vya kutolea maji, wengine wanaviziba eti vumbi lisiingie, mvua ikija reli inajaa na maji yanamwagikia ndani. Vizibue kwa waya. Vumbi linalopita kati ya milango miwili ya kioo halizuiwi na silikoni yoyote, pale ni ile brashi ya manyoya imeisha, inauzwa kwa mita, nenda na kipande cha zamani mkononi maana upana na urefu wa manyoya vinatofautiana, ikiwa nene sana dirisha halisukumiki.